Gamba Lililosuguliwa na Bahari, na Swali la Kujulikana

Liko swali ambalo wanafalsafa na wanavyuoni wa Kiislamu walishindana juu yake kwa ukali mkubwa katika karne zilizopita, na ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana kuwa mbali mno na maisha ya mtu wa pwani: je, Mwenyezi Mungu hukijua kila kitu kimoja kimoja kwa nafsi yake, kama kilivyo mahali pake na saa yake, au huvijua vitu kwa jumla, kwa jinsi zake na kwa kanuni alizoviwekea? Mwenye kulisoma swali hili kitabuni huweza kulipita upesi, akidhani kuwa ni mashindano ya maneno baina ya watu waliojaaliwa wasaa mwingi. Walakini mimi nimekuja kuona kwamba ni swali linalomgusa kila mtu aliyepata kuogopa kusahauliwa, na nimeliona hivyo kwa njia ya kazi moja ndogo ambayo wengi huihesabu kuwa pumbao la watoto, nayo ni kuokota ufukoni magamba ya konokono wa bahari yaliyochakaa, na kujaribu kuyatambua ni ya nani.

Pwani ya mashariki ya Unguja, kutoka Paje kwenda Jambiani na Makunduchi, inalindwa na mwamba wa matumbawe ulioko mbali na ufuko, na kati ya mwamba na mchanga pana maji ya kina kifupi ambayo, siku za bamvua, hupwa yakaacha uwanja mpana wa mwani na mawe, ambako wanawake huenda kuchokoa chaza na kombe na kutafuta pweza. Msimu wa kusi mawimbi huvuka mwamba kwa nguvu, na kila kilichokufa huko nje hubingirishwa, hupigwa na husagwa, hata kikatupwa juu ya mstari wa mwani mkavu pamoja na vipande vya matumbawe. Atembeaye hapo akainama ataona jambo ambalo vitabu vyenye picha nzuri za makome havilisemi kwa uwazi, kwamba magamba mazima, yenye rangi zake na mng'ao wake, ni machache sana, na kwamba yaliyo mengi ni meupe au ya kijivu, butu, yenye matundu, yaliyopoteza ncha au mdomo au yote mawili, na kwamba mtu akitaka kuijua bahari kwa kile inachomletea, basi hana budi kuyajua hayo.

Mchanga si msuguaji wa peke yake. Wako sifongo watobao chokaa ya gamba wakaliachia vitundu vingi vidogo. Wako minyoo wanaojijengea mirija juu yake. Iko miani migumu inayolifunika kwa tabaka la rangi ya waridi. Na yuko yule kaa asiye na gamba lake mwenyewe, ambaye huingia katika gamba la konokono aliyekufa akalibeba mgongoni na kuliburura juu ya mawe, hata upande mmoja wa kinywa ukalika kuliko mwingine. Kaa huyu huleta na tatizo jingine, maana hulihamisha gamba kutoka pale alipofia mwenyewe akalipeleka kwingine kabisa, hata mahali lilipookotwa pakawa si ushahidi wa mahali alipoishi konokono.

Kuchakaa huku kuna utaratibu wake, na asiyeujua utaratibu huo hatatambua kitu. Rangi hutangulia kuondoka, kwani jua na mchanga humaliza kwanza kile kilicho juu kabisa. Hufuata michoro na miiba na vinundu. Kisha mdomo wa nje, ambao ndio mwembamba, humeguka. Na ile ncha ya juu, iliyo ndogo na dhaifu, hukatika au hulika ikawa kigutu. Kinachobaki mwisho ni kile ambacho konokono alipokuwa hai hakukionyesha, yaani nguzo ya ndani, ule mhimili ambao mizingo yote imezungushwa juu yake, pamoja na kitako kinene cha kinywa. Hapo ndipo mtu alazimikapo kuacha kutazama kwa macho ya mnunuzi wa mapambo akaanza kuchunguza mikunjo iliyomo juu ya nguzo, maana ziko jamaa za konokono ambao nguzo zao zina mikunjo mitatu au minne iliyo dhahiri, ziko zenye mikunjo michache ya mshazari iliyo hafifu, na ziko ambazo nguzo zake ni laini tangu juu mpaka chini. Gamba la koni, hata likivunjika lote likabaki lile bapa la juu, hujulikana kwa bega lake na kwa jinsi mizingo ilivyobanana. Kauri hujulikana kwa meno yaliyopangana kando mbili za kinywa chake chembamba, ambayo ni manene kuliko mgongo na hudumu baada ya mgongo kutoboka. Na wale kauri wadogo wawili wanaochanganywa sana, mmoja mwenye pete ya rangi ya dhahabu mgongoni ambaye wataalamu humwita Monetaria annulus, na mwenziwe Monetaria moneta, pete ikiisha kufutika hutenganishwa kwa umbo la ubavu, kwa kuwa wa kwanza ni wa mviringo mrefu uliotulia na wa pili aghalabu ana pembe na vinundu kandoni.

Si ajabu, basi, kwamba miongoni mwa waliopata kuyajua magamba vyema kuliko wengine wote wamo vipofu wawili. Georg Eberhard Rumphius, aliyekuwa mtumishi wa kampuni ya Waholanzi katika kisiwa cha Ambon, alipofuka macho mwaka 1670, na tetemeko la ardhi la 1674 likamwondolea mkewe. Akaendelea na kazi hata hivyo, akisaidiwa na wengine kuandika na kuchora, na kitabu chake cha viumbe wa pwani na vito kikachapishwa Amsterdam mwaka 1705, miaka mitatu baada ya kufa kwake. Katika zama zetu yuko Geerat Vermeij, aliyezaliwa Uholanzi mwaka 1946, akapoteza kuona akiwa na umri wa miaka mitatu kwa ugonjwa wa glakoma, akawa profesa katika chuo kikuu cha California mjini Davis, na ambaye kwa ncha za vidole na kucha amesoma juu ya magamba historia ya mapambano kati ya konokono na kaa wanaowavunja, historia ambayo wenye macho walikuwa wakiipita bila kuiona. Nawataja wawili hawa kwa sababu gamba lililochakaa humfanya kila mtu kuwa katika hali iliyo karibu na yao: limemnyima rangi, na rangi ndiyo iliyokuwa ikimfanyia kazi ya kujua bila yeye kutaabika.

Na ajapo mtu kuuliza ni kitu gani hasa kilichobaki katika kipande hicho cheupe hata kikawezekana kutambuliwa, jibu hupatikana katika namna gamba linavyojengwa. Konokono huongeza chokaa ukingoni mwa kinywa. Habomoi alichokwisha kukijenga akaanza upya, bali hupanua na kuzungusha, na kwa wengi wao kila mzingo huuzidi uliotangulia kwa kiasi kinachokaribiana, hata gamba la mzee likawa na umbo lile lile la gamba la kijana, limekuzwa tu. Ndani ya gamba lake chokaa hupangwa kwa matabaka ya vipapi vyembamba vilivyopishana, ili ufa ukianza usipate njia iliyonyoka. Kwa hiyo kipande kidogo chenye mzingo mmoja na nusu kina ndani yake kanuni ya gamba zima, na mwenye kuijua kanuni huweza kurudisha kwa akili kile ambacho bahari imekiondoa. Wanafalsafa waliofuata njia ya Aristotle wangesema kuwa rangi na pete na miiba vilikuwa aradhi, yaani mambo yanayokipata kitu yakaondoka nacho kikabaki, na kwamba kilichodumu ni sura, kwa maana yao ya kile kinachokifanya kitu kiwe hicho kilicho wala si kingine. Nami nakubali kwamba kwa kadiri ya kutambua jinsi, wasema kweli, na kwamba magamba ni madarasa bora ya fundisho hilo kuliko mifano ya meza na vitanda tuliyosomeshwa.

Lakini nimesema kwa kadiri ya kutambua jinsi, na hapa ndipo palipo na fundo. Mtu akikaa mchana kutwa na kipande cheupe mkononi, akaipapasa mikunjo, akalinganisha, na mwishowe akasema kwa furaha, na furaha hiyo ni kubwa, kwamba huyu ni kauri wa pete, je, amemjua nani? Amejua kwamba kipande hiki ni cha mmoja wa kundi ambalo waliomo hawana idadi. Hakuijua hata siku moja ya maisha ya konokono huyu. Amempa jina ambalo ni la wote, na jina la wote si la yeyote.

Historia ya kauri yenyewe inalithibitisha jambo hili kwa namna ya kutisha. Msafiri Ibn Battuta, aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alifika baadaye visiwa vya Maldives akafanywa kadhi huko katika miaka ya 1343 na 1344, na ameeleza jinsi watu walivyowaokota konokono hawa baharini na kuwaweka katika mashimo ufukoni hata nyama ikaoza yakabaki magamba meupe, na jinsi yalivyouzwa 400,000 kwa dinari moja ya dhahabu na mara nyingine hata 1,200,000, ilhali katika nchi ya Mali na mji wa Gao aliyaona yakibadilishwa 1,150 kwa dinari. Huko Gedi, karibu na Malindi, iko nyumba miongoni mwa magofu inayoitwa Nyumba ya Kauri kwa sababu ya kauri zilizofukuliwa humo. Na tangu miaka ya 1840 wafanyabiashara wa Hamburg walinunua Zanzibar kauri za pete zilizookotwa katika pwani zetu, wakazipeleka kwa merikebu mpaka Afrika ya Magharibi, ambako zilizidi kumwagwa hata thamani ya kauri ikaporomoka na waliokuwa wameweka akiba yao humo wakadhulumika. Mafakihi huigawa mali mafungu mawili: iko mali yenye mfano, kama nafaka, ambayo aliyeiharibu hulipa kadiri yake ya namna ile ile na deni likaisha, na iko isiyo na mfano, ambayo hulipwa thamani yake kwa kuwa haipatikani nyingine iliyo kama yenyewe. Fedha ndiyo kilele cha fungu la kwanza, maana ni kitu ambacho yeyote katika hicho hutosha badala ya yeyote. Na konokono mwenye uhai wake na mwamba wake, aliyetiwa guniani akapimwa pamoja na maelfu, alikuwa amegeuzwa jinsi tupu. Biashara hiyo ilipita katika soko lile lile na mikono ile ile ambayo binadamu nao walihesabiwa kwa vichwa, na sidhani kwamba kukutana huko kulikuwa kwa bahati.

Sasa nataka kusema jambo ambalo sikulitarajia nilipoanza kuokota, nalo ni kwamba bahari hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Kadiri inavyolifutia gamba alama za jinsi yake, ndivyo inavyoliandikia alama zake lenyewe. Kauri wapya ishirini wa pete waliotolewa mwambani, wakipangwa juu ya mkeka, humtaabisha mtu kuwatenganisha. Wachakavu ishirini hawafanani hata wawili. Huyu ana tundu la mviringo lenye kingo zilizoinama kwa ndani, na mwenye kujua atasema kwamba alitobolewa na konokono mlanyama wa mchangani, aliyemshika kwa mguu wake mpana akamla kupitia tundu hilo. Yule ana kovu lililopita mdomoni na mzingo ukaendelea kukua juu yake, maana yake kaa alijaribu kumvunja akashindwa, akapona akaishi. Mwingine amelika upande mmoja tu, kwa sababu alikaa muda mrefu akiwa nusu yake imezikwa mchangani na nusu i juu ikipigwa. Ndiyo kusema kwamba lile gamba ambalo vitabu vyatwambia kuwa limeharibika na halifai kutambuliwa ndilo ambalo, kwa maana nyingine, limekuwa lenyewe kuliko lilivyokuwa siku ya uzuri wake. Vitabu vimeandikwa kwa ajili ya kujua jinsi, na kwa kazi hiyo uchakavu ni hasara tupu. Lakini lau kungekuwa na elimu ya kujua mmoja mmoja, ingeanzia pale elimu yetu inapokoma.

Hapo ndipo nilipourudia ule ugomvi wa kale na kuuona kwa jicho jingine. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alishika kwamba Mwenyezi Mungu huyajua mambo ya pekee kwa njia ya jumla, kwa kuwa azijua sababu zote na kila kitokanacho nazo, naye alikuwa mbali na kudai kwamba kuna chembe inayomfichikia. Alilolikwepa ni kumsifu Mola kwa ujuzi unaobadilika, maana kupatwa kwa jua kwanza hungojwa, kisha huwako, kisha huwa kumepita, na mwenye kujua hali tatu hizo moja baada ya moja, alisema, hana budi kubadilika pamoja nazo. Imamu Ghazali, katika kitabu chake cha kuwarudi wanafalsafa, aliitenga kauli hii pamoja na nyingine mbili, ile ya kwamba ulimwengu ni wa tangu na tangu na ile ya kukana kufufuliwa kwa miili, akasema kwamba katika tatu hizo wamekufuru. Wako wanaomlaumu kwa ukali wa hukumu hiyo, na katika hukumu yenyewe mimi sina la kusema. Lakini katika hoja yake naona alishika jambo la moyoni. Kwani akauliza, kwa kauli hiyo, mtu fulani, tuseme Zaidi, akitii au akiasi, Mola amjuaje Zaidi huyo? Atakuwa amjua binadamu kwa jumla, na sifa za binadamu, na kwamba binadamu hutii na huasi. Zaidi huyu, anayepambanuka na mwenziwe Amri kwa kuashiriwa kwa hisi wala si kwa akili, atakuwa hajulikani. Na juu ya kubadilika akajibu kwamba mtu aliyekuwa kuumeni kwako akipita mbele yako akaenda kushotoni, aliyebadilika ni yeye wala si wewe, na vivyo hivyo ujuzi mmoja waweza kuhusiana na kitu kabla, wakati, na baada, bila wenyewe kugeuka.

Ibn Rushd wa Kurtuba, aliyefariki mwaka 1198 baada ya kumrudi Ghazali kitabu kwa kitabu, alileta neno ambalo kwangu ndilo la ndani kuliko yote mawili, na nashangaa kwamba husomwa kidogo kwetu. Alisema ujuzi wa Mungu haufai kuitwa wa jumla wala wa pekee, kwa sababu mafungu hayo mawili ni ya ujuzi wetu, na ujuzi wetu ni matokeo ya vitu, huja nyuma yake, ilhali ujuzi Wake ndio sababu ya vitu kuwako. Nimefikiri sana juu ya neno hilo nikiwa na gamba mkononi. Mimi huja baada ya kusi kwisha kazi yake. Sina ila alama, na alama zikifutika sina kitu. Ninaposema kwamba gamba hili halitambulikani, nimesema habari za nafsi yangu tu, kwamba njia yangu ya kulifikia imekatika. Wala gamba halikupungukiwa na kuwa lile lililokuwa. Ujuzi uliotangulia kitu hauzihitaji alama zake, na kwa hiyo haupungui zinapopungua. Anayeamini hivyo hana haja ya kuogopa kwamba kilichosuguliwa hata kikawa mchanga kimetoka katika kujulikana.

Hayo ni kwa upande wa Mola. Na kwa upande wetu sisi, tusiojua ila kwa alama, ni ipi haki ya kilichopoteza alama zake? Katika nyumba nyingi za pwani yumo mzee ambaye kumbukumbu imemtoka, asiyemjua tena mwanawe wala siku, na wageni wakitoka barazani husikika wakinong'ona kwamba yule bibi tuliyemjua hayupo tena, limebaki umbo. Nayachukia maneno hayo, na naona yamesemwa na watu waliozoea kutambua kwa rangi. Itazamwe tofauti ya namna mbili za kuchakaa. Konokono wengi wenye msokoto mrefu hupoteza kwanza ncha, na ncha ndiyo utoto wao, kwani pale juu kabisa ndipo lilipo gamba dogo alilozaliwa nalo. Kauri mambo yake ni mengine: akiwa mdogo ana gamba jembamba lenye rangi na mistari ya ujana, na akikomaa hulifunika kwa joho la nyama kutoka kando zote mbili na kuliwekea matabaka ya kung'aa juu yake, hata utoto wote ukafichika, na akisuguliwa, tabaka la utu uzima ndilo litokalo, na zile rangi za zamani za buluu na zambarau hujitokeza tena. Bibi asiyemjua mjukuu wake lakini akamwita mama yake aliyekufa tangu zamani, akasoma bila kukosea sura za Kurani alizofundishwa chuoni akiwa mtoto, amechakaa kwa namna ya kauri. Tunaomwona hivyo hatuna idhini ya kusema kwamba ameondoka. Tulizoea kumjua kwa tabaka la juu, nalo limekwisha, na wajibu wa kujifunza kusoma lililo chini yake ni wetu, kama alivyo na wajibu mwenye kuokota wa kuzisoma nguzo na meno rangi zinapokwisha.

Nitapingwa kwamba gamba si mtu, halina hesabu wala malipo, na kwamba nimelitwika mzigo usio wake. Nakubali kwamba si mtu, na konokono mwenyewe alikuwa ameliacha zamani. Lakini namna ya kukosea ni moja. Wenye makumbusho ya elimu ya viumbe wanajua kwamba gamba lenye jina zuri lisiloandikwa limeokotwa wapi na lini halina faida kwao, na kwamba gamba lisilo na jina, likiwa na mahali na tarehe, laweza kukaa katika sanduku miaka mingi hata atokee wa kulijua. Na lililo baya kuliko yote ni gamba lililopewa jina kwa pupa, kwa sababu jina la uongo hufunga mlango na kuwafanya wajao baadaye wasitazame tena. Kuacha pengo katika kibandiko ni adabu ya elimu. Kulijaza kwa kudhania ni dhuluma.

Na adabu iyo hiyo nimeikuta, kwa mshangao mkubwa, katika mlango wa jeneza wa Minhaj, kitabu cha Imamu Nawawi aliyefariki mwaka 1277, ambacho wanavyuoni wa pwani yetu wamekisomesha vizazi kwa vizazi. Bahari haitupi magamba peke yake. Hutupa na watu, na mara nyingine hutupa sehemu tu ya mtu. Hukumu ya madhehebu ya Shafi ni kwamba ikipatikana sehemu ya mwili wa Mwislamu ambaye kifo chake ni yakini, sehemu hiyo huoshwa, hukafiniwa na husaliwa, na anayesali hunuia mtu mzima. Wakichanganyika maiti wa Kiislamu na wasio Waislamu bila ya kuweza kupambanuliwa, wote huoshwa na wote husaliwa, na nia huelekezwa kwa Waislamu miongoni mwao. Yaani pale ujuzi wetu unapokoma, sheria haikomi. Inatutaka tukusudie kile tusichoweza kukijua, na kukusudia huko kunatosha. Tena, asema Imamu, si lazima kwa mwenye kusali kumtaja maiti kwa jina lake wala kumbainisha ni nani. Lakini akimbainisha, akakosea, sala yake imebatilika. Na wafasiri wake wamefungua mlango mmoja tu katika hukumu hiyo: akiwa alimwashiria yule aliyelazwa mbele yake, akanuia kumsalia huyu, basi sala ni sahihi, na kosa la jina halidhuru.